Maua Ndani ya Pipa

Tata Angeline alitufungia kwa kufuli saa nne kasorobo asubuhi. Tulikuwa wasichana sita katika chumba cha kuwekea mahindi, na kabla ya kuuvuta mlango alipitisha karai katikati yetu kama mzee wa kanisa anayekusanya sadaka.

"Simu," alisema. "Zote. Kiende, hata hiyo uliyoficha kwenye soksi."

Dada yangu Kiende aliinama akaitoa, huku akicheka. Mwaka jana, kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binamu yetu, bwana harusi alimpigia simu bibi harusi aliyekuwa amefunikwa leso. Ikalia, naye akaenda moja kwa moja akamshika bega. Tata hajawahi kuisahau aibu ile. Yeye ni dada ya baba, na katika boma letu hapa Kanyakine hakuna sherehe inayopikwa bila funguo kuwa kiunoni mwake.

"Sasa mnisikie. Watu wa Embu wako kwenye geti, wanaimbiwa. Mtafunikwa, mtapangwa, mtanyamaza. Njue akimkosa Kiende, atatoa beberu. Mmoja wenu akitoa sauti, beberu ni wetu kutoa. Na mimi sitoi beberu kwa sababu ya kikohozi."

"Na chafya je, Mathe?" Maxine, binti yake, aliuliza.

"Imeze."

Kufuli likalia. Nje, jenereta ilinguruma na vipaza sauti vikaanza nyimbo za injili, kwa nguvu mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka kwenye nondo zake.

Mpango ulikuwa huu. Njue wa Manyatta kule Embu, kijana aliyekuja kumlipia dada yangu mahari, angetukuta tumesimama mstari mmoja ndani ya tenti, sote tumefunikwa leso za rangi moja kutoka kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Angemchagua wake. Kisha Kiende angechota uji wa kwanza, ule mchachu tunaouita ucuru, na kumpa baba ya Njue mkononi. Mzee akishakunywa, wote wanakunywa, na nyumba mbili zimekuwa moja.

Mimi nilikuwa wa nne katika mstari, na nilikuwa nimefurahi. Mtu kama mimi hufurahia kufunikwa. Katika mkutano wowote huwa natafuta kiti kilicho nyuma ya nguzo, na leo nilikuwa nimepewa nguzo ya kuvaa.

Maxine alikuwa ameketi juu ya gunia, amejishika tumbo.

"Gatakaa," akaninong'oneza. "Tumbo inanisokota vibaya."

"Umekula nini?"

"Sijakula. Nimekunywa tu ucuru asubuhi nikikoroga. Vikombe viwili. Lakini leo Mathe amekosea kitu. Iko na ladha ingine."

"Ladha gani?"

Alifikiri. "Unakumbuka tukiwa wadogo tulikuwa tunalamba betri ya redio? Ulimi inawasha halafu mate inajaa? Hiyo."

Nilikuwa nafunga leso kiunoni. Mikono yangu iliacha kufunga.

Nafanya kazi katika maabara ya shule moja ya wasichana huku Imenti Kusini. Mimi si mwalimu. Chuoni nilisomea kupima, kuchanganya na kuosha chupa, na ndiyo kazi ninayofanya. Lakini mwalimu akichelewa, wasichana wa kidato cha pili huniuliza maswali, na kwa kuwa nimesimama nyuma ya meza ndefu, naweza kuwajibu. Muhula uliopita waliniuliza kwa nini chumvi ikigongwa husagika na waya ukigongwa hulala tu.

Niliwaambia ni jinsi atomi zilivyoshikana. Katika chumvi, mmoja ametoa elektroni yake na mwingine ameichukua. Wanavutana kwa nguvu kama mtu na aliyemfaa, lakini wagonge wasogee kidogo tu, wanajikuta wa aina moja wameangaliana uso kwa uso, na wanasukumana. Katika plastiki, wawili wamejifunika blanketi moja, na hakuna anayekubali kuliachia. Ndiyo maana ndoo ya plastiki hukaa na maji ya ndimu mwaka mzima bila kujali. Na katika metali ni kama akina mama wanaopikia harusi: kila mmoja ameleta kuni zake, zimewekwa mahali pamoja, na baada ya saa moja hakuna anayejua kuni zipi ni za nani. Unaweza kuwasogeza akina mama huku na huku, moto haukatiki. Ndiyo maana waya hupindika.

"Na metali zote ziko sawa?" msichana mmoja akauliza.

Nikamwambia hapana. Dhahabu hushikilia kuni zake. Zinki haijui kukataa. Asidi yoyote, hata dhaifu, ikija kuomba elektroni mbili, zinki hutoa; na ikishatoa haina tena nafasi ukutani mwa chombo. Inabanduka na kuingia ndani ya maji, bila kuonekana, kama chumvi.

Yote hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Kisha Alhamisi nikasimama jikoni na kichungi cha unga mkononi.

Alhamisi ndiyo siku tuliyopata habari kwamba watu wa Embu hawatakuwa thelathini, watakuwa themanini. Vibuyu vya marehemu nyanya havingetosha. Mapipa ya plastiki ya kanisa yalikuwa yameazimwa upande wa Ruiri. Tata akaligeukia pipa la bati nililokuwa nimemletea mwezi uliopita ili akinge maji ya mvua. Lilikuwa jipya, na ndani lilikuwa na yale maua ambayo bati jipya huwa nayo, yale yanayong'aa kama umande ulioganda. Alilisugua mara tatu, akalipangusa kwa leso safi.

"Hiki ndicho chombo cha wageni," alisema. "Vibuyu vinanuka moshi. Sitaki watu wa Embu waende wakisema huku tunaishi zamani."

"Tata," nikasema, "labda plastiki ingefaa zaidi. Tungeuliza shuleni."

"Plastiki ni ya kufulia, mwanangu. Ama bati hili lina shida?"

Aliniangalia. Akina mama watano pia waliniangalia, na mmoja alikuwa ameinua sufuria tayari kumimina. Nilijua kwamba maua yale ni zinki. Nilijua kwamba uji unaochacha ni asidi.

"Hapana. Ni sawa, Tata," nilisema.

Uji ukaingia. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Sasa nilikwenda mlangoni nikagonga. Nikagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa gunzi la mahindi. Kipaza sauti kilikuwa nyuma tu ya ukuta.

"Unafanya nini?" Kiende akauliza. "Watatusikia."

"Ndiyo nataka watusikie. Kiende, ule uji umekula pipa. Zinki imeingia ndani yake. Angalia Maxine."

Maxine wakati huo alikuwa amevuta debe tupu na kulikumbatia. Alitapika mara moja, kwa adabu, kisha mara ya pili bila adabu. Wasichana wengine wakavuta leso zao kando.

"Ni joto," mmoja wao alisema. "Hiki chumba ni cha kukaushia mahindi, si watu."

"Mtu anaweza kufa?" Kiende aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kufa sidhani. Watatapika na kuendesha. Wazee, akina mama wenye watoto, wote. Kabla ya saa nane."

Niliona akifikiria nilichokuwa nimekwisha kufikiria. Watu themanini wa nyumba nyingine, wametoka mbali, wanatapika uani kwetu baada ya kupokea kikombe kutoka mkononi mwake. Hakuna mtu Embu ambaye angesema neno zinki. Wangesema walilishwa kitu Kanyakine, na Njue angerudi kwao na mahari yake.

Halafu nikamwona akiamua kutofikiria.

"Tata amepika ucuru miaka thelathini," alisema. "Gatakaa, wewe hata gesi ya kupikia unaiogopa. Maxine anaugua, sawa. Lakini leo, tafadhali. Siku moja tu usiogope kitu."

Kuhusu gesi alikuwa anasema kweli. Nilikwenda dirishani. Kati ya nondo niliona migomba, na baada ya migomba upande mmoja wa tenti, na chini yake, juu ya matofali matatu, pipa langu limefunikwa kitambaa cheupe. Niliita. Sauti yangu huwa ndogo hata palipo na utulivu. Kuku mmoja tu ndiye aliyegeuza kichwa.

Tulikaa hivyo karibu saa moja. Bati la paa lililia kwa joto. Kila baada ya dakika chache nilirudi mlangoni kugonga, na kila nikigonga Kiende alifumba macho.

Kufuli lilipofunguliwa, Tata aliingia kinyumenyume akiwa na leso sita za kutufunika. Nilimwendea mbio.

"Tata, ule uji—"

"Uji uko tayari, kila kitu kiko tayari." Leso ilikuwa tayari imenishuka kichwani. "Na huyu Maxine ana nini?"

"Ni uji, Tata. Lile pipa—"

Alinifinya mkono juu ya kiwiko, ule mfinyo wa utotoni, wa kanisani. "Hata neno," aliniambia sikioni. "Hata neno, Gatakaa. Baba yako amesimama mbele ya watu. Usimwaibishe." Maxine aliachwa kwenye gunia lake. Akaletwa msichana wa jirani kujaza nafasi.

Chini ya leso dunia ni nyembamba. Unaona vidole vyako vya miguu, na nyasi, na kisigino cha aliye mbele. Tuliongozwa kwa kushikana viuno. Niliposikia vigelegele vya akina mama nilijua tumeingia ndani ya tenti, na nilipoona pindo la kitambaa cheupe upande wa kulia nilijua pipa liko hatua kumi hivi kutoka kwangu.

Njue alianza kutukagua kutoka kushoto. Niliviona viatu vyake vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri, ila katika mshono mmoja udongo wa njiani ulikuwa umebaki. Vilipita wa kwanza. Vikapita wa pili na wa tatu. Vikasimama mbele yangu.

Mimi na Kiende tuna miguu ya nyanya yetu: kidole cha pili kinakizidi kidole gumba. Tata alikuwa amefurahi sana kuhusu jambo hilo. Ndiyo maana alituvua viatu.

Njue akachuchumaa. "Hii miguu mimi naijua," alisema, na tenti ikacheka.

Alikuwa karibu mno. Nilisikia hata pumzi yake. Hapo ndipo nilipopata wazo kwamba si lazima niseme mbele ya watu. Naweza kumwambia mtu mmoja tu, mtu mwenye haki ya kujua.

"Njue," nikanong'ona. "Mimi si Kiende. Msinywe uji. Umekaa kwenye bati, una sumu."

Aliinamisha sikio. Nilidhani amenielewa. Kisha akacheka, akasimama.

"Wazee wangu," akasema kwa sauti, "hapa nimetegewa. Huyu ananiongelesha. Ati nisinywe uji, uko na sumu."

Tenti nzima ilipasuka. Upande wa Embu walipiga makofi, mtu akapaza sauti, "Beberu! Wameongea, beberu wetu!" Na upande wetu nikaisikia sauti ya Tata, kavu, isiyoshindwa: "Sumu ya ucuru wetu ni kwamba ukionja, hurudi kwenu." Wakacheka zaidi. Hata mwenye kipaza sauti alirudia maneno yale kwa faida ya walioketi nyuma.

Nilikuwa nimeyasema. Kila mtu alikuwa ameyasikia. Na yalikuwa yamegeuka kuwa sehemu ya mchezo, tena sehemu nzuri, itakayosimuliwa. Chini ya leso jasho liliniingia machoni na sikuweza kuinua mkono kulifuta.

Viatu vya kahawia vikaenda. Vigelegele vikapanda: alikuwa amempata. Vikapanda tena: alikuwa amemfunua. Sisi tuliobaki tulitakiwa kukaa vile vile tulivyofunikwa mpaka tuondolewe, na wale wanne wengine walikaa.

Nilisikia kitambaa kikivutwa kutoka kwenye pipa. Nilisikia kata ikigonga ukingo. Niliisikia sauti ya Kiende, nyembamba kidogo, ikisema, "Baba, karibu ucuru," na nikajua kwamba naye alikuwa amefungiwa, kama mimi, ndani ya macho ya watu. Mkono wake ulikuwa unatii siku yenyewe.

Niliivua leso.

Mwanga uliniumiza. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mzee Nyamu, baba ya Njue, alikuwa ameketi mstari wa mbele na kikombe mkononi, anatoa salamu ndefu ya shukrani kabla ya kunywa, Mungu ambariki. Mtu mmoja akaniona, akagusa mwenzake. Baba yangu, Naftaly, alikunja uso. Nilifungua mdomo na hapakutoka kitu, kabisa, kama bomba wakati wa kiangazi.

Basi nikatembea hatua zile kumi, nikaweka bega kwenye pipa, nikasukuma.

Lilikuwa zito. Liliyumba juu ya matofali, likarudi, na kwa muda mfupi nilidhani kwamba hata hili litashindikana. Nikasukuma tena. Likaanguka. Uji ulitoka kwa wimbi moja la rangi ya udongo, ukapita chini ya viti, ukavifikia viatu vya watu. Wanawake wakainua nguo. Nyimbo zilikuwa zimezimwa. Jenereta pekee ndiyo iliyoendelea kuongea.

"Gatakaa," baba alisema.

Tata Angeline alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani. Kumwaga uji mbele ya wakwe ni kama kuwafukuza. Sikuweza kuwatazama, kwa hiyo nilipiga magoti nikaingiza kichwa ndani ya pipa lililolala, nikasema humo ndani. Na pipa likaichukua sauti yangu likaikuza. Maneno yalitoka yakiwa makubwa kuliko mimi.

"Angalieni maua," nilisema. "Juu yapo, chini hayapo. Uji umeyala. Maxine alikunywa asubuhi na sasa anatapika kwenye chumba cha mahindi. Mimi ndiye niliyelinunua hili pipa. Niliona Alhamisi na sikusema sawasawa. Ni mimi."

Nilipotoa kichwa, Mzee Nyamu alikuwa amechuchumaa kando yangu, bado na kikombe chake kilichojaa. Aliangalia ndani ya pipa kwa muda mrefu. Kutoka mdomoni mwa pipa mpaka upana wa kiganja, bati lilikuwa bado linang'aa na maua yake. Kisha kulikuwa na mstari, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na chini ya mstari bati lilikuwa la kijivu, limefifia, kama jicho la mtu mzee. Alichovya kidole kwenye kikombe, akagusa ulimi, akatema.

"Betri," alisema.

Aliinuka polepole, akiegemea bega langu. "Mimi nimekaa kiwanda cha kahawa miaka ishirini na sita," aliwaambia watu wake. "Kahawa ikilala usiku kuchacha, maji yake yanakula bati. Mifereji ilikuwa inatoboka kila msimu. Huyu mtoto hadanganyi." Akamgeukia baba yangu. "Lakini Naftaly, beberu utatoa."

"Nitatoa," baba alisema.

"Wawili. Mmoja wa sauti, mmoja wa viatu vyangu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, wakijaribu kama kicheko bado kinashika. Kiende alikuwa amesimama na kata tupu, machozi yanamtiririka, na Njue hakujua aweke wapi mikono yake. Mama ndiye aliyekumbuka kibuyu kilichobaki jikoni, kile chenye mbegu ya uji, ule kidogo unaohifadhiwa ili kuchachushia mwingine. Ulikuwa mkali, unavuta masikio. Mzee Nyamu alikunywa, akafunga jicho moja, akampitishia mkewe. Na kile kibuyu kikazunguka, tone kwa tone, mpaka kikaisha kabla ya kufika nusu ya watu. Wengine walipewa soda.

Sikuyaona hayo yote. Nilikuwa nimemwona Tata akiondoka upande wa migomba, akitembea kama mtu aliyebeba maji, nikamfuata. Alikuwa ameonja uji ule tangu alfajiri, kata baada ya kata, kama mpishi yeyote mwaminifu. Nilimkuta ameushika mgomba kwa mikono miwili. Nikamshika paji la uso mpaka akamaliza, kisha nikakimbia kuleta maziwa, kikombe kimoja nikampelekea Maxine, kingine nikamletea yeye.

Alikunywa akiwa ameketi chini, na funguo zake zimemwagika kando ya nguo yake nzuri.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia, Tata. Alhamisi. Na leo mlangoni."

Aligeuza kikombe mkononi. Kule tentini wazee walikuwa wameanza kuomba, na sauti ya baba ilikuwa inawataja watu wa Manyatta mmoja mmoja.

"Uliniambia kama mtu anayeomba chumvi," alisema. "Mimi nina watu themanini. Nani anasikia mtu anayeomba chumvi?"

Aliniangalia, na kwa mara ya pili siku ile mkono wake ukanishika juu ya kiwiko, mahali pale pale, pale palipokuwa bado panauma. Safari hii hakufinya. Alikuwa anataka tu nimsaidie kuinuka.